Laptop kuzimika yenyewe kwa joto kwenye Linux: nani hasa anaizima, na ukomo wa joto uguswe au uachwe?

Mwanzisha uzi

Salaam wakuu. Ninatumia laptop ya mtumba yenye prosesa ya Intel Core i5-8250U na RAM ya GB 16, niliyoifuta Windows na kuiwekea Debian 12. Kazi zangu nyingi ni za kuandika na kuhariri picha, lakini mara kwa mara hubadilisha video za harusi kutoka umbizo moja hadi jingine kwa ffmpeg, na hapo ndipo taabu inapoanza. Dakika chache baada ya kazi kushika kasi, feni huvuma kwa nguvu, sehemu ya juu ya kibodi huwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuiwekea kiganja, kisha mashine huzimika. Wakati mwingine hufunga programu zote kwa utaratibu kama vile nimeizima mwenyewe. Wakati mwingine kioo huwa cheusi papo hapo. Aliyeniuzia, ambaye alikuwa akiitumia kwa Windows, anaapa kwamba haikuwahi kumzimikia.

Nimeona kuna parameta ya kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) iitwayo `thermal.nocrt=1` inayoizuia Linux isiizime mashine inapofika kiwango cha hatari. Je, niiweke? Na kama haifai, kuna njia ya kupandisha ukomo huo walau nyuzi tano? Nipo Mombasa, na chumba ninachofanyia kazi hakina kiyoyozi.

Mlinzi wa Seva

Mkuu, usiiweke bado. Parameta hiyo ina mahali pake na tutaifikia, lakini ukiiweka leo utakuwa umemnyamazisha shahidi kabla hajahojiwa. Swali la kwanza ni nani aliyeizima mashine, kwa sababu wenye uwezo wa kufanya hivyo ni watatu na dawa ya mmoja haimtibu mwingine.

Wa kwanza ni kerneli. Mtengenezaji wa laptop huandika ndani ya BIOS (programu ya msingi ya ubao mama), kwenye majedwali ya ACPI ambayo huueleza mfumo kuhusu vifaa, kanda za joto za mashine na viwango vya kila kanda: kiwango cha kuanza kupunguza kasi, cha kuongeza feni, na cha hatari. Kerneli ikisoma kwamba kanda fulani imefikia kiwango cha hatari, huandika ujumbe kisha huagiza mfumo ufungwe. Kuzimika kwa namna hii huwa na utaratibu, mafaili hufungwa, na alama hubaki kwenye kumbukumbu za mfumo.

Wa pili ni vifaa vyenyewe. Prosesa yako ina ukomo wake wa ndani wa nyuzi 100, na ikifika hapo hujipunguzia kasi bila kuiomba Linux ruhusa. Joto likiendelea kupanda mbali zaidi ya hapo, hutoa ishara ya umeme inayokata nguvu moja kwa moja. Kidhibiti kidogo kilichomo kwenye ubao mama, ambacho ndicho kinachoendesha feni, nacho kinaweza kukata umeme kwa uamuzi wake. Hapa hakuna ujumbe unaoandikwa, kwa kuwa hakuna muda wa kuuandika.

Wa tatu hana uhusiano wa moja kwa moja na joto: ni umeme wenyewe, yaani betri iliyochoka, chaja dhaifu au soketi iliyolegea. Huyu naye haachi ujumbe, na ndiyo maana watu wengi humchanganya na wa pili.

Anza kwa kuisoma kumbukumbu ya mara iliyopita mashine ilipokuwa imewashwa:

```
journalctl --list-boots
journalctl -b -1 -k -p warning
journalctl -b -1 -e
```

Debian 12 huhifadhi kumbukumbu hizi kwenye diski bila wewe kubadilisha chochote. Wenye mifumo isiyofanya hivyo watengeneze folda ya `/var/log/journal` na kuiwasha upya huduma ya `systemd-journald`. La sivyo, kila mashine inapozimika ushahidi unapotea. Kisha tuletee viwango vya kanda zako:

```
grep . /sys/class/thermal/thermal_zone*/type
grep . /sys/class/thermal/thermal_zone0/trip_point_*
sensors
```

Amri ya mwisho inatoka kwenye pakiti ya `lm-sensors`. Fanya hivyo kwa kila tukio la kuzimika, si kwa moja tu, maana umesema yapo ya aina mbili.

Mwanzisha uzi

Ahsante mkuu. Tukio la kufungwa kwa utaratibu limeacha mistari hii miwili:

```
kernel: thermal thermal_zone0: acpitz: critical temperature reached, shutting down
kernel: reboot: HARDWARE PROTECTION shutdown (Temperature too high)
```

Tukio la kioo kuwa cheusi ghafla halina ujumbe wowote wa joto. Mstari wa mwisho ni wa huduma ya mtandao, haukuhusika. Lakini mashine ilipowaka tena, mwanzoni kabisa kulikuwa na mstari wa `systemd-journald` unaosema faili la `system.journal` ni `corrupted or uncleanly shut down, renaming and replacing`.

Kuhusu viwango, kanda ninazo tatu: `acpitz`, `pch_skylake` na `x86_pkg_temp`. Kanda ya sifuri, ambayo ni `acpitz`, inaonyesha hivi:

```
trip_point_0_temp:98000
trip_point_0_type:critical
```

Na `sensors` kwenye mstari wa `Package id 0` inaonyesha `high = +100.0°C, crit = +100.0°C`. Feni inasomeka mizunguko 4,300 kwa dakika wakati wa kazi nzito.

Mlinzi wa Seva

Sasa tuna la kuzungumza. Tazama namba mbili ulizoleta, 98 na 100. Thamani hizo za kanda huandikwa kwa elfu, hivyo 98000 ni nyuzi 98. Mtengenezaji ameiambia kerneli izime mashine kwenye nyuzi 98, ilhali prosesa yenyewe haianzi kujipunguzia kasi hadi ifike 100. Kwa maneno mengine, breki ya prosesa imewekwa ng'ambo ya ukuta. Ndiyo maana kumbukumbu yako haina hata mstari mmoja wa `Core temperature is above threshold, cpu clock is throttled`: prosesa haikupata kufika mahali pa kuushika mwendo wake, kwa sababu ilizimwa kabla.

Usidhani hili ni kosa la uchapaji ndani ya BIOS. Kwenye Windows laptop za aina hii huja na programu ya Intel ya kusimamia joto ambayo hupunguza wati za prosesa taratibu kadiri mwili wa mashine unavyopata moto, kwa hiyo nyuzi 98 zilikusudiwa kuwa dharura isiyotarajiwa kufikiwa. Ukifuta Windows unamfuta na msimamizi huyo, na ahadi ya aliyekuuzia inaweza kuwa ya kweli kabisa. Soma pia namba hizi:

```
sudo grep . /sys/class/powercap/intel-rapl:0/constraint_*_power_limit_uw
```

Ya kwanza ni wati zinazoruhusiwa kwa muda mrefu, ya pili ni za muda mfupi, zote zikiwa zimeandikwa kwa milioni.

Kuhusu tukio la pili, mstari ule wa `system.journal` ni alama kwamba umeme ulikatika bila mfumo kupewa nafasi ya kufunga mafaili. Unatuambia kuwa kerneli haikuhusika. Hautuambii kama ni joto au betri. Tutawatenganisha kwa kurekodi. Weka kitanzi hiki kwenye terminali kabla ya kuanza ffmpeg:

```
while sleep 2; do
  echo "$(date +%T) $(cat /sys/class/thermal/thermal_zone*/temp | xargs) $(cat /sys/class/power_supply/BAT0/status) $(cat /sys/class/power_supply/BAT0/capacity)%" >> ~/joto.txt
  sync ~/joto.txt
done
```

Amri ya `sync` ni ya lazima. Bila hiyo, mistari ya mwisho ambayo ndiyo tunayoitaka itakuwa bado iko kwenye RAM umeme utakapokatika.

Mtumiaji wa Fedora

Samahani mkuu Mlinzi, naona unamzungusha mwenzetu. Mimi `thermal.nocrt=1` ninaitumia na mashine yangu haijaungua. Kila nilipoifungua laptop baada ya kuilaza, kanda ya `acpitz` iliruka kutoka 45 hadi zaidi ya 120 kwa usomaji mmoja, kerneli ikaizima hapo hapo, ingawa ilikuwa baridi hata kwa kuishika. Baada ya kuweka parameta hiyo nimepumzika.

Mlinzi wa Seva

Ndugu yangu, wewe uko sahihi kwa mashine yako, na mfano wako ni mzuri kwa sababu unaonyesha mahali pake hasa. Joto la kweli halipandi nyuzi 75 ndani ya sekunde moja kwa mashine iliyokuwa imelala na kurudi chini usomaji unaofuata. Hicho ni kihisi, au kidhibiti cha ubao mama, kinachotoa takataka wakati wa kuamka. Ushahidi wa kukikana unao tayari: dereva wa `coretemp` (kwenye AMD ni `k10temp`) anasoma vihisi vilivyomo ndani ya prosesa yenyewe, na kama anasema 45 wakati `acpitz` inasema 120, wa kuaminiwa ni dereva huyo. Katika hali hiyo `thermal.nocrt=1` inafaa, kwa kuwa inazima tu hatua ya kerneli kwenye kiwango cha hatari cha ACPI; kinga ya ndani ya prosesa inabaki palepale na Linux haina uwezo wa kuiondoa kwa njia hiyo. Hata hivyo, jaribu kwanza `fwupdmgr get-updates`, kwani kasoro za namna hii hurekebishwa kwa sasisho la BIOS, na likipatikana unaweza kuiondoa parameta.

Mwanzisha uzi yuko upande wa pili kabisa. Kwake `acpitz` na prosesa zinakubaliana kwamba kuna nyuzi 97 au 98. Akizima hatua ya kerneli atabakiwa na breki ya prosesa ya nyuzi 100 na, ikishindwa, kukatika kwa ghafla, ambako ndiko kunakoharibu mafaili.

Niongeze tahadhari kwa wasomaji wengine, maana parameta hizi hunakiliwa bila kusomwa. `thermal.crt=-1` huondoa viwango vyote vya hatari vya kanda za ACPI. `thermal.crt=` ikifuatwa na namba hubadilisha viwango hivyo, na hii ndiyo ile ya kupandisha nyuzi tano iliyoulizwa mwanzoni. `thermal.off=1` huzima usimamizi mzima wa joto wa ACPI, na kwenye mashine ambazo feni yake huongozwa na kanda hizo, unaweza kujikuta na feni iliyosimama. Hiyo ya mwisho sioni sababu ya mtu wa kawaida kuiandika kwenye GRUB (programu inayoiwasha Linux).

Mwanzisha uzi

Nimerekodi, na majibu yamenishangaza. Hii ni mistari ya mwisho ya tukio la kwanza, chaja ikiwa imechomekwa:

```
21:13:58 96000 61000 96000 Charging 88%
21:14:00 97000 61500 97000 Charging 88%
21:14:02 97000 61500 97000 Charging 88%
21:14:04 98000 62000 98000 Charging 88%
```

Na hii ni ya kuzimika ghafla, nikiwa ninatumia betri, sekunde chache tu baada ya ffmpeg kuanza:

```
16:40:27 58000 53500 59000 Discharging 31%
16:40:29 66000 54000 67000 Discharging 31%
16:40:31 71000 54500 72000 Discharging 31%
```

Baada ya hapo hakuna mstari. Wati zilizosomeka ni 25000000 na 44000000.

Mlinzi wa Seva

Basi una magonjwa mawili. Hakuna prosesa inayokatwa kwa joto kwenye nyuzi 72. Ona wati zako: mashine inaruhusiwa kuvuta wati 44 kwa muda mfupi kila kazi nzito inapoanza, na muda huo mfupi ndio uliokatika umeme. Betri iliyochoka inaweza kuonyesha asilimia 31 na kushikilia vizuri unapoandika barua, lakini ikidaiwa wati nyingi kwa ghafla volti zake huanguka chini ya kiwango na ubao hujifunga. Thibitisha:

```
cd /sys/class/power_supply/BAT0
cat energy_full_design energy_full
```

Kwenye betri nyingine majina huwa `charge_full_design` na `charge_full`.

Na hizo wati 25 za muda mrefu zinaeleza sehemu ya ugonjwa wa kwanza. Prosesa hii kwa kawaida hupangiwa 15. Mtengenezaji ameruhusiwa kuipandisha hadi 25, na amefanya hivyo akitegemea programu ya upande wa Windows iishushe inapobidi.

Kabla ya programu, hata hivyo, vifaa. Ukianza kazi nzito, joto hupandaje? Likiruka hadi tisini na kitu ndani ya sekunde mbili tatu za mwanzo, pesti kati ya prosesa na shaba imekauka au skrubu hazikubana sawasawa, maana joto halitoki kwenye prosesa. Likipanda polepole kwa dakika kadhaa na kutoshuka tena, joto linatoka kwenye prosesa lakini haliondoki kwenye mashine, na hapo mtuhumiwa ni vumbi. Jaribu kwa `stress-ng --cpu 0 --timeout 10m`, ambapo sifuri inamaanisha viini vyote.

Mwanzisha uzi

Betri: `48000000` na `21300000`. Chini ya nusu ya ilivyozaliwa. Kuhusu joto, hupanda polepole. Huanza karibu na 80 kisha hupanda nyuzi moja moja kwa dakika kadhaa. Nikiweka mkono kwenye tundu la pembeni nahisi upepo mdogo sana ukilinganisha na kelele ya feni.

Fundi wa Kaunta

Wakuu, niruhusuni niingie hapa maana hii ni kazi yangu ya kila siku. Feni inayozunguka 4,300 na kutoa upepo hafifu imezibwa mbele yake, haijaharibika. Ukiifungua utakuta kati ya feni na mapezi ya shaba kuna utando wa vumbi na nyuzi za nguo ulioshikana kama kipande cha blanketi, na kwetu pwani unyevu huufanya ushikamane zaidi. Kupuliza kutoka nje hakuutoi; huurudisha nyuma kwenye feni, kisha unarudi palepale. Lazima feni itolewe, utando uvutwe kwa kibano, ndipo mapezi yapulizwe kwa blowa kutoka upande wa nje kwenda ndani.

Mambo mawili ambayo wengi huyapuuza. Kabla ya kugusa chochote, chomoa waya wa betri ya ndani kwenye ubao, si chaja peke yake. Na unapopuliza, zuia mapanga ya feni kwa kidole au kijiti, kwa sababu blowa huizungusha feni kuliko ilivyoundwa na bearingi hufa. Feni nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa na kelele ziliuawa na usafi wa namna hiyo.

Ukishalitoa bomba la shaba, usilirudishe juu ya pesti ya zamani hata kama inaonekana nzima. Futa pande zote mbili kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka pesti mpya kiasi cha kufunika kipande cha silikoni tu, kisha kaza skrubu kwa kufuata namba zilizochapwa pembeni yake, kila moja kidogo kidogo, si moja hadi mwisho ndipo uende nyingine. Silikoni ya prosesa za laptop haina kifuniko, hivyo ukikaza upande mmoja kwa nguvu unaweza kuivunja kona.

Mwanzisha uzi

Nimempelekea fundi wa mtaani kwangu, nikamwonyesha maelezo haya, naye akayafuata. Utando aliouvuta ulikuwa na umbo kamili la tundu la feni. Sasa jaribio lile lile la `stress-ng` linasimama kwenye 89 na halipandi zaidi, huku wati zikiwa bado ni 25. Mashine haijazimika tena ikiwa kwenye chaja. Ila alasiri chumba kikiwa na joto kali hupanda hadi 93 au 94, na 98 haiko mbali. Je, hapa sasa nipandishe ukomo?

Mlinzi wa Seva

Hongera, na fundi apewe shukrani zake. Joto la chumba huongezeka karibu moja kwa moja juu ya joto la prosesa: chumba kikipanda nyuzi tano, tarajia prosesa nayo kupanda takriban hivyo, kwa kazi ile ile na feni ikiwa tayari iko mwisho. Kwa hiyo hesabu yako ya alasiri ni ya kawaida.

Ukomo wa kuzima uache. Cha kusogeza ni ile breki, na isogezwe chini. Tangu kerneli 5.13 kuna dereva aitwaye `intel_tcc_cooling` anayeweza kuiambia prosesa ianze kujipunguzia kasi nyuzi kadhaa kabla ya 100, mradi BIOS haijalifunga jambo hilo. Debian 12 ina kerneli 6.1, hivyo unaye:

```
sudo modprobe intel_tcc_cooling
grep . /sys/class/thermal/cooling_device*/type
```

Ukiona kifaa chenye jina `TCC Offset`, andika 10 kwenye `cur_state` yake na prosesa itaanza kushika breki kwenye 90. Kuanzia hapo, hata chumba kikiwaka moto, kazi itapungua kasi badala ya mashine kuzimika. Ikiwa kifaa hicho hakijitokezi, BIOS imekifunga, na utabaki na njia ya wati.

Njia ya wati ndiyo itakayotuliza na betri yako pia. Shusha ya muda mrefu hadi 15 na ya muda mfupi hadi 20. Kwa kuwa namba za `cooling_device` zinaweza kubadilika mashine inapowaka, tafuta kifaa kwa jina lake. Weka haya kwenye `/usr/local/sbin/punguza-joto` na ulipe faili ruhusa ya kuendeshwa:

```
#!/bin/sh
modprobe intel_tcc_cooling
for d in /sys/class/thermal/cooling_device*; do
  grep -q "TCC Offset" "$d/type" && echo 10 > "$d/cur_state"
done
R=/sys/class/powercap/intel-rapl:0
echo 15000000 > $R/constraint_0_power_limit_uw
echo 20000000 > $R/constraint_1_power_limit_uw
```

Kisha huduma ya kuiendesha, `/etc/systemd/system/punguza-joto.service`:

```
[Unit]
Description=Ukomo wa joto na wati
After=suspend.target

[Service]
Type=oneshot
ExecStart=/usr/local/sbin/punguza-joto

[Install]
WantedBy=multi-user.target suspend.target
```

Mstari wa `suspend.target` upo kwa makusudi: baadhi ya BIOS hurudisha viwango vyake mashine inapoamka, na huduma hii huviandika upya.

Utasoma pia ushauri wa kusakinisha `thermald`. Ni programu nzuri ya Intel, na kwa mashine nyingi inatosha peke yake kufanya kazi ambayo ilifanywa upande wa Windows. Lakini nayo huandika kwenye faili zile zile za wati, hivyo chagua moja. Ukiendesha zote mbili utakuwa ukishangaa kwa nini namba zako zinabadilika. Mimi kwa mashine yenye tatizo linalojulikana hupendelea faili fupi ninaloweza kulisoma lote kwa mtazamo mmoja.

Na kuhusu harusi zako, prosesa hiyo ina kitengo cha michoro kinachojua kubana H.264 chenyewe. Sakinisha `intel-media-va-driver-non-free` kutoka hazina ya `non-free`, kisha:

```
ffmpeg -vaapi_device /dev/dri/renderD128 -i harusi.mov -vf 'format=nv12,hwupload' -c:v h264_vaapi -qp 22 harusi.mp4
```

Ubora kwa ukubwa ule ule wa faili utakuwa chini kidogo ya ule wa `libx264`, yaani ubanaji wa kawaida unaofanywa na prosesa, kwa hiyo kwa nakala ya kuhifadhi tumia njia ya zamani. Kwa nakala za kutuma kwenye simu za ndugu wa bwana harusi, hakuna atakayeona tofauti.

Mwanzisha uzi

`TCC Offset` imejitokeza na imekubali 10. Video ndefu ya jana imekwenda hadi mwisho, joto likizunguka 78 hadi 82 alasiri, na imechukua muda mrefu zaidi kuliko zamani lakini si kwa kiasi cha kulalamikia. Kwenye betri nimejaribu tena nikiwa na asilimia 35 na haikukatika. Betri mpya nitaagiza hata hivyo.

Mtumiaji wa Fedora

Na sisi wenye AMD? Sina faili la `intel-rapl` la kuandika wala huo `TCC`.

Mlinzi wa Seva

Kwenye AMD vihisi husomwa na dereva wa `k10temp`, na namba ya kuifuata ni `Tctl`. Kushusha ukomo kwa Ryzen za laptop hufanywa na programu ya RyzenAdj, kwa mfano `ryzenadj --tctl-temp=85`, na wati kwa `--stapm-limit` pamoja na wenzake `--fast-limit` na `--slow-limit`, zikiandikwa kwa elfu moja za wati. Kama Secure Boot imewashwa, kerneli inaweza kuizuia isifikie vifaa. Kabla ya kufika huko, jaribu `powerprofilesctl set power-saver`, au zima turbo (kasi ya ziada ya prosesa) kwa kuandika 0 kwenye `/sys/devices/system/cpu/cpufreq/boost`. Kwa mtu ambaye joto lake linapita kiasi kidogo tu, mara nyingi hilo humaliza kazi. Na kama una kadi ya NVIDIA, isome kivyake kwa `nvidia-smi -q -d TEMPERATURE`, kwani ina ukomo wake wa kupunguza kasi na wa kuzima, na `sensors` haitakuonyesha.